Nahodha Anapolifuta Dai Lake

Askari yeyote aliyepata kusimama lindo anaijua kanuni hii: mtu haondoki mahali pake mpaka amepokelewa. Tulifundishwa hivyo tangu siku za kwanza katika chuo cha makadeti. Katika mchezo wa kriketi iko kanuni inayofanana sana na hiyo, nayo imeleta ugomvi mkubwa baina ya mataifa. Tumeona inafaa kuieleza, kwa kuwa ndani yake mna funzo kwa kila mwenye kuvaa sare.

Mchezo wenyewe si mgeni kwetu. Timu ya Afrika Mashariki ilishiriki Kombe la Dunia la kwanza, huko Uingereza, mwaka 1975. Na mwaka 2024 timu ya Uganda ilifika kwa mara ya kwanza katika Kombe la Dunia la mchezo mfupi wa ova 20.

Kanuni ni hii. Wapigaji wawili huwa uwanjani kwa pamoja, kila mmoja kwenye upande wenye vijiti vitatu na mstari uliochorwa mbele yake. Ikiwa mpira ungali mchezoni, na vijiti vikaangushwa kwa mpira huo wakati mpigaji yuko nje ya mstari wake, huyo ametolewa. Lakini mwamuzi hawezi kumtoa mpaka timu inayorusha mpira imedai. Na nahodha wa timu hiyo anaweza, kwa idhini ya mwamuzi, kulifuta dai lake kabla mpira mwingine haujaanza kuchezwa. Msomaji na alishike jambo hilo, maana ndilo kiini cha maneno yetu.

Tarehe 31 Julai 2011, katika uwanja wa Trent Bridge, Uingereza ilikuwa ikicheza na India. Ulikuwa mpira wa mwisho kabla ya mapumziko ya chai. Mpira ulipigwa mbali, na Praveen Kumar wa India akauzuia ukingoni mwa uwanja. Ian Bell wa Uingereza, mwenye pointi 137, alidhani umevuka ukingo, akaanza kutembea kuelekea kunywa chai. Wahindi wakaurudisha mpira, wakaangusha vijiti, wakadai. Picha zikatazamwa, mpira haukuwa umevuka. Bell akatolewa, na kwa sheria hapakuwa na la kubishania.

Wakati wa chai nahodha wa Uingereza na mwalimu wake walikwenda kwa Wahindi kuwaomba wafikiri tena. Mahendra Singh Dhoni, nahodha wa India, akashauriana na wenzake, kisha akalifuta dai. Watazamaji waliokuwa wakiizomea India wakageuka kushangilia Bell alipotokea tena. Bell aliongeza pointi hadi 159, na India ikashindwa mchezo kwa pointi 319. Hata hivyo, mwaka 2020 Baraza la Kriketi la Kimataifa lilimpa Dhoni tuzo ya uungwana ya muongo mzima kwa kitendo kile.

Miaka mitatu kabla ya hapo, Juni 2008, katika uwanja wa The Oval mjini London, mambo yalikwenda kinyume. Grant Elliott wa New Zealand alikuwa akikimbia alipogongana na mrushaji wa Uingereza, Ryan Sidebottom, aliyekuwa akiufuata mpira. Elliott akaanguka, na vijiti vikaangushwa angali chini. Mwamuzi alimwuliza nahodha Paul Collingwood kama analishikilia dai lake. Akajibu kuwa analishikilia. Elliott akatoka kwa hasira, New Zealand ikashinda hata hivyo kwa mpira wa mwisho, na Collingwood akaomba radhi baadaye. Sheria ilikuwa upande wake, lakini haikumpa ushindi wala heshima.

Liko pia kosa la namna ya tatu: mpigaji aliye upande wa mrushaji huiba hatua mbele kabla mpira haujarushwa. Desemba 1947, mjini Sydney, Vinoo Mankad wa India alimtoa Bill Brown wa Australia kwa kosa hilo. Wengi walimlaumu Mankad, lakini Don Bradman, nahodha wa Australia yenyewe, alimtetea. Tangu Oktoba 2022 sheria za kriketi zimekuondoa kutolewa kwa namna hii katika sura ya mchezo usio wa haki.

Basi tuseme nini juu ya Courtney Walsh wa West Indies? Oktoba 1987, mjini Lahore, katika Kombe la Dunia, ulibaki mpira mmoja na Pakistan ilihitaji pointi mbili. Walsh alimwona Saleem Jaffar amekwisha kutoka nje ya mstari. Angaliweza kumtoa na mchezo ukaisha. Alisimama, akamwonya, akarudi kurusha upya. Pakistan ikapata pointi zake mbili, na West Indies, mabingwa wa 1975 na 1979, hawakufika nusu fainali.

Sisi hatusemi kwamba kila nahodha afanye kama Walsh. Mwenye kuiba hatua akikamatwa, asilalamike. Lakini aliyedhani kazi imekwisha, na aliyeangushwa na mpinzani wake, si wezi. Mstari hauwezi kuwapambanua watu hao watatu. Mtu mwenye madaraka anaweza, na ndiyo maana sheria ikamwachia nafasi ya kulifuta dai. Dhoni hakuivunja sheria, aliitumia yote.

Nasi tuna madaraka ya kukamata, kushitaki na kuadhibu. Tuyatumie bila woga kwa mkosaji wa makusudi. Na pale sheria ilipotuachia nafasi ya kupima, tupime. Rehema hiyo isiwe na bei, maana rehema yenye bei ni hongo. Na aliye lindoni asiondoke akitumaini kwamba upande wa pili yuko Dhoni.