Ramu Iliyokaa Pipani: Lipia Mtambo Kabla ya Miaka

Abiria mwenye miaka 18 na kuendelea anayeingia nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki anaruhusiwa na forodha kupita na lita moja ya pombe kali bila kulipa ushuru. Chupa ya ramu inayouzwa Ulaya ina mililita 700, na ya Marekani ina 750. Hiyo ni chupa moja, basi. Kwa hiyo mnywaji anayesimama mbele ya rafu za London au Dubai ana jambo moja la kuamua: kati ya ramu ya dola 35 na ya dola 110, ipi inastahili kusafiri naye?

Wengi huamua kwa namba iliyoandikwa kubwa kwenye lebo: 8, 12, 15, 21. Namba hiyo ina uzito wake, ila haistahili kutazamwa kwanza. Kinachotangulia ni mtambo uliokeneka ramu yenyewe. Pipa hulainisha ukali, huleta rangi na harufu ya vanila, lakini haliwezi kuipa ramu mwili ambao mtambo haukuipa.

Chungu na mnara

Aliyewahi kuona gongo au chang'aa ikipikwa tayari anaujua mtambo wa chungu. Pombe iliyochachuka huchemshwa, mvuke hupita kwenye bomba, hupozwa, kisha hudondoka ukiwa kileo kikali. Ramu ya chungu hupita njia hiyohiyo, na malighafi ya ramu nyingi ni molasi, ule uji mweusi unaobaki kiwandani baada ya sukari kutolewa kwenye maji ya miwa. Chungu hupika mkupuo mmoja, husafishwa, hujazwa tena. Kazi ni ya polepole na inakula nishati, lakini kileo kinachotoka ni kizito na kimebeba harufu nyingi.

Mtambo wa mnara ulienea baada ya Aeneas Coffey wa Ireland kupata hataza yake mwaka 1830. Pombe huingizwa juu bila kukatizwa, mvuke hupanda kutoka chini, na vitu hivyo viwili vikikutana kileo hutoka kikiwa na nguvu zaidi na harufu chache. Gharama hushuka, na ramu huwa nyepesi. Ndiyo maana ramu ya chungu kitupu huuzwa ghali kuliko ya mnara ya umri uleule, na ndiyo maana chupa nyingi sokoni ni mchanganyiko wa ramu za mitambo yote miwili.

Guyana: mitambo ya mbao chini ya paa moja

Kwa anayetaka kuelewa tofauti ya mitambo, hakuna pa kuanzia pazuri kama Guyana. Zamani mashamba ya miwa ya huko yalikuwa na mitambo yake. Mashamba yalipofungwa au kuunganishwa, mitambo ilihamishwa, na leo ile iliyosalia iko Diamond, kwenye ukingo wa mashariki wa mto Demerara, mikononi mwa kampuni ya Demerara Distillers. Ramu zake huuzwa kwa jina la El Dorado.

Mitatu kati yake ni ya mbao. Port Mourant ni vyungu viwili vya mbao vilivyounganishwa, na asili yake huhesabiwa tangu mwaka 1732. Versailles ni chungu kimoja cha mbao. Enmore, wa mwaka 1880, ni mnara wa Coffey uliojengwa kwa mbao, na ndio pekee wa aina yake unaofanya kazi duniani hadi leo. Mbao hizo ni za mti mgumu wa huko uitwao greenheart. Huchakaa na kubadilishwa, ila umbo la mtambo hubaki lilelile. Karibu nayo kuna Savalle, mnara wa chuma wenye asili ya Ufaransa.

Ukionja, tofauti haijifichi. Port Mourant hutoa ramu nzito yenye harufu ya kungumanga, zabibu kavu na penseli iliyochongwa sasa hivi. Jeshi la majini la Uingereza liliipenda kwa uzito huo, na ilikuwa sehemu ya mchanganyiko waliogawiwa mabaharia mpaka mgao ulipokomeshwa tarehe 31 Julai 1970. Versailles ina harufu ya udongo na ngozi. Enmore ni nyepesi kuliko hizo mbili, ina matunda na mbao kavu. Savalle huleta wepesi na utamu wa sukari iliyoungua.

Kwa mnunuzi, jambo la maana ni nani yuko ndani ya chupa. El Dorado ya miaka 12 hutegemea zaidi Enmore na minara ya chuma, kwa hiyo ni laini na rahisi kunywa. Ya miaka 15 huongeza Port Mourant na Versailles. Dola chache unazoongeza kutoka 12 kwenda 15 zinanunua mitambo miwili ya chungu ya ziada, na hapo ndipo fedha yako inapofanya kazi kubwa kuliko popote kwenye familia hii.

Jamaica na Barbados

Jamaica inajulikana kwa harufu. Hampden Estate, katika jimbo la Trelawny, hutumia vyungu tu, na huacha pombe ichachuke kwa muda mrefu kabla ya kuikeneka. Kinachotoka kinanuka nanasi, ndizi iliyoiva kupita kiasi, gundi na zeituni kwa pamoja. Kuna wanaoipenda kwa tone la kwanza, na kuna wanaosukuma glasi mbali. Appleton Estate, kisiwa hichohicho, huchanganya chungu na mnara, na mchanganyaji wake mkuu tangu mwaka 1997 ni Joy Spence. Hapo nanasi limebaki, gundi imepungua, na ganda la chungwa linasikika.

Barbados ni ya wanaotaka ladha ya kati. Kiwanda cha Foursquare huchanganya chungu na mnara, na chini ya uongozi wa Richard Seale kimekuwa sauti kali dhidi ya kutia sukari kwenye ramu. Doorly's ya miaka 12 hutoka hapo. Ni kavu, ina nazi na matunda yaliyokaushwa, na kwa bei yake ni vigumu kuipatia mshindani.

Martinique hukeneka maji mabichi ya miwa badala ya molasi, na tangu mwaka 1996 ina kanuni za asili zinazolindwa kisheria. Ramu iitwayo *vieux* huko lazima ikae pipani angalau miaka 3. Ni nzuri, lakini ina harufu ya majani mabichi, na ni bora kuionja baa kabla ya kununua chupa nzima.

Namba na sukari

Guyana, Jamaica na Barbados huhesabu umri kwa ramu changa kuliko zote zilizomo. Si kila mahali hufanya hivyo. Zacapa ya Guatemala huandika 23, ilhali mchanganyiko wake una ramu za miaka 6 hadi 23.

Pia joto lina hesabu yake. Ghala la Karibiani hupoteza takriban asilimia 6 ya ramu kwa mwaka kupitia mbao za pipa, wakati Uskoti hupoteza karibu asilimia 2. Kwa kiwango hicho, baada ya miaka 12 chini ya nusu ya ramu imebaki Karibiani, wakati Uskoti ingebaki zaidi ya robo tatu. Miaka 8 ya Jamaica si utoto.

Sukari ndiyo inayodanganya ulimi. Umoja wa Ulaya unaruhusu hadi gramu 20 kwa lita kwenye kinywaji kinachoitwa ramu. Baadhi ya chupa za El Dorado, hasa za miaka ya nyuma, zilipopimwa zilikutwa na sukari iliyoongezwa. Si sumu wala si kosa, ila ulinganishe ukijua. Mimina matone kwenye kisosi, yaache yakauke usiku kucha, kisha gusa. Yakinata sana, unajua ulaini ule umetoka wapi.

Hesabu ya fedha

Kwa makadirio ya maduka ya Marekani na Uingereza:

- Appleton 8: dola 30 hadi 35
- El Dorado 12: dola 35 hadi 40
- Doorly's 12: dola 35 hadi 45
- Appleton 12: dola 40 hadi 50
- El Dorado 15: dola 45 hadi 60
- Hampden 8, asilimia 46: dola 60 hadi 75
- El Dorado 21: dola 100 hadi 130

Tazama daraja la mwisho. Kutoka miaka 15 hadi 21, kwa upotevu wa asilimia 6 kwa mwaka, ramu inayobaki pipani hushuka kutoka kama asilimia 40 hadi 27. Upotevu huo peke yake ungepandisha bei kwa karibu nusu, lakini bei imepanda zaidi ya mara mbili. Sehemu ya kinachozidi ni gharama ya mtaji uliolala ghalani, na nyingine ni heshima ya namba.

Nguvu nayo ipigiwe hesabu. Chupa ya mililita 700 yenye asilimia 40 ina mililita 280 za alkoholi. Yenye asilimia 60 ina 420. Hampden ya asilimia 60 hugharimu zaidi ya dada yake ya asilimia 46, lakini ukiizimua kwa maji hadi asilimia 43 unapata karibu lita nzima. Forodha hupima ujazo, haipimi nguvu.

Namna ya kuonja

Usihukumu ramu kwa barafu. Tumia glasi ndogo iliyobana mdomoni, mimina kiasi sawa, anza na ya mnara, malizia na ya chungu kitupu. Nusa mdomo ukiwa wazi kidogo. Onja, kisha tia matone machache ya maji uonje tena. Ramu ya chungu hufunguka kwa maji. Ramu iliyobebwa na sukari hupwaya. Kinywaji kikali kinataka chakula tumboni na maji kando, na anayeendesha asionje.

Uamuzi

Kwa asiyezoea, Doorly's 12 ndiyo ya kuanzia: kavu, haina hila, na bei yake haiumizi. Appleton 8 ni ya nyumba yenye wageni wengi. Anayetaka kujua mbao za Guyana zinasema nini anunue El Dorado 15, na aiache 21 kwa anayepewa zawadi. Hampden ni ya anayeijua harufu yake tayari, na huyo achague ya asilimia 60. Na kama ramu itaishia kwenye kola na ndimu, usinunue hata moja kati ya hizi. Ramu nyeupe ya bei nafuu itafanya kazi hiyo, na dola zinazobaki zitakununulia ndimu za mwaka mzima.