Kuhakiki Nakala za Akiba za Kanzidata: Mfano wa Daftari la Ardhi la Kijiji

Neno kanzidata limeundwa kwa maneno mawili: kanzi, yaani hazina iliyowekwa, na data. Nakala yake ya akiba huitwa nakala rudufu, na wengine huiita chelezo, jina walilolizoea wavuvi kwa kitu kieleacho majini. Jina hili lina mafunzo. Chelezo hakiaminiwi mpaka kitiwe majini kikaonekana kuelea. Na nakala ya akiba haifai kuaminiwa mpaka imejaribiwa kurejeshwa.

Jambo hili si la wakazi wa miji mikubwa peke yao. Masieda iko upande wa Mbulu, mkoani Manyara, katika nchi ambayo Wairaqw, Wadatoga na Wahadzabe ni majirani, na ambayo ardhi ndiyo mali ya kwanza. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, kila halmashauri ya kijiji yapaswa kutunza daftari la ardhi, na mwanakijiji aweza kupewa hati ya hakimiliki ya kimila. Hati hiyo hutolewa nakala tatu: moja hukaa na mwenyewe, ya pili katika masjala ya kijiji, na ya tatu wilayani. Moto ukiunguza ofisi moja, haki ya mtu haiungui pamoja nayo.

Daftari la namna hii likitiwa katika kompyuta, hekima ile ile yatakiwa. Lakini karatasi ikichakaa huonekana kwa macho. Nakala ya kompyuta yaweza kuharibika na jina lake likabaki pale pale, kana kwamba hapana lililotokea. Kwa hiyo mtunzaji ana maswali mawili yasiyochanganywa. La kwanza ni la hali: je, nakala ipo, ni ya lini, na iko wapi? La pili ni la usahihi: je, yaweza kurudisha daftari kama lilivyokuwa?

Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, ambayo hutunza kazi za waandishi wa programu wa nchi nyingi, iliyajua maswali hayo kwa msiba. Mfanyakazi mmoja alifuta data za mtambo mkuu, akidhani yuko katika mtambo wa pili. Zilipotafutwa nakala zilizodhaniwa kutolewa kila siku, ghala lilikutwa tupu. Programu ya kunakili ilikuwa toleo la 9.2, hali kanzidata yenyewe ilikuwa toleo la 9.6, hivyo kazi ilishindikana kila mara, na barua-pepe za kutoa habari hiyo zilikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ya diski iliyochukuliwa saa 6 hivi kabla, kwa shughuli nyingine. Data za saa hizo zilipotea.

Uhakiki una daraja zake. Kwanza hutazamwa tarehe na ukubwa wa nakala. Ikiwa ya jana ilikuwa kubwa na ya leo ni ndogo mno, pana kasoro. Na ukimya wa mtambo usihesabiwe kuwa habari njema. Pili hufanywa hesabu ya uhakiki. Njia iitwayo SHA-256 hutoa alama 64 kwa kila faili, na herufi moja ikibadilika alama huwa nyingine kabisa. Hata hivyo hesabu hiyo hushuhudia tu kwamba nakala haikugeuka tangu ilipohesabiwa. Kama ilikuwa na kosa tangu mwanzo, kosa nalo limehifadhiwa salama. Watunzaji wa PostgreSQL walitoa chombo cha pg_verifybackup katika toleo la 13, mwaka 2020, na wao wenyewe washauri kwamba kurejesha kwa majaribio kusiachwe.

Daraja ya tatu, basi, ndiyo kubwa: kuirejesha nakala katika kompyuta nyingine, si juu ya daftari lililo hai, kisha kuhesabu. Hati za kila kijiji ni ngapi? Ya mwisho ina nambari gani? Majina nayo yasomwe. Tahajia ya Kiiraqw hutumia mkwaju na kibainishi kuwa herufi kamili. Programu iliyoandikwa kwa uzembe yaweza kuziona alama hizo kuwa amri au uchafu, ikazitupa. Na mtu aliyepotezewa herufi ya jina aweza kusumbuliwa siku ya shauri.

Mwisho, hati chache huchaguliwa bila kupendelea, zikalinganishwa na karatasi zilizoko kijijini: jina, mipaka na tarehe. Wanakili wa miswada ya Kiislamu walifanya vivyo hivyo, wakisoma nakala mbele ya asili yake. Tofauti ikionekana, kompyuta isipewe hukumu. Waulizwe mwenye shamba, majirani wa mipaka na halmashauri ya kijiji.

Yafaa kazi hii iwe na siku yake maalumu na mtu wake, na matokeo yaandikwe: nani alirejesha, lini, kwa muda gani, na nini kilipungua. Mjane anayedaiwa mpaka wa shamba hatasaidiwa na habari kwamba nakala ilitolewa jana. Atasaidiwa na hati yake inayosomeka.