Kitanda Mbarara, Watoto Nakivale: Kumwuguza Mwenye Kansa ya Damu

Mzazi aishiye Nakivale ambaye mwanawe amepatikana na kansa ya damu huwa na nyumba mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni ile iliyo kambini, yenye watoto wengine, bustani ya mahindi na maharage, na siku ya mgao ambayo haimngoji mtu. Ya pili ni kitanda cha hospitali mjini Mbarara, na mkeka uliotandikwa kando yake. Kila kukicha yampasa achague ni wapi anapohitajiwa zaidi. Hali hiyo si ngeni kwa mke wa askari ambaye mumewe yuko kikosini mbali, naye peke yake ndiye baba, mama na mwuguzi.

Nakivale iko katika wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi ya Uganda, kando ya ziwa lenye jina hilo hilo. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa barani Afrika. Wakimbizi wa Rwanda walianza kupokelewa pale mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Leo wamo Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengineo, zaidi ya watu 100,000, na Kiswahili ni lugha inayowakutanisha wengi wao. Vituo vya afya vimo makazini humo, lakini kansa ya damu haitibiwi kituoni. Mgonjwa hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mbarara, ambayo pia ni mahali pa kufundishia madaktari wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilichoanzishwa mjini humo mwaka 1989.

UGONJWA WENYEWE

Damu hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa. Humo hutoka chembe nyekundu zinazobeba hewa safi, chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, na chembe ndogo zinazogandisha damu mtu anapojeruhiwa. Katika kansa ya damu, aina moja ya chembe huasi. Huzaana bila amri, haifanyi kazi yake, tena huzinyima nafasi chembe njema. Lukemia huanzia katika uboho; limfoma huanzia katika chembe na tezi za kinga ya mwili; mieloma huwapata zaidi watu wazima na kuwaumiza mifupa.

Ugonjwa huu hauambukizi. Hauletwi na kula sahani moja, wala kulala chumba kimoja, wala kumkumbatia mgonjwa. Si laana ya ukoo, na si kazi ya jirani mwenye husuda. Mgonjwa anayetengwa kwa hofu ya namna hiyo huumizwa mara mbili.

Uganda ina nafasi yake katika historia ya maradhi haya. Mwaka 1958, daktari mpasuaji Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago alieleza juu ya uvimbe wa taya alioukuta kwa watoto. Uvimbe huo ni limfoma, na hadi leo huitwa kwa jina lake. Mwaka 1964, wataalamu wa Uingereza waliochunguza vipande vya uvimbe vilivyopelekwa kwa ndege kutoka Uganda waligundua kirusi kinachohusiana nao. Mwaka 1967 kilifunguliwa Mulago kituo cha kutibu limfoma, ambacho ndicho kilichokua na kuwa Taasisi ya Kansa ya Uganda. Wataalamu wa Kimarekani walipoondoka wakati wa utawala wa Idi Amin, Mganda Dakta Charles Olweny alishika uongozi, na matibabu yakaendelea.

DALILI ZINAZODANGANYA

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mawingu ya kansa ya damu hufanana sana na ya malaria. Mtoto hupatwa na homa, hupauka, huchoka na kukataa chakula. Bandama huvimba. Hupewa dawa ya malaria, akapata nafuu kidogo, kisha homa hurudi. Si ajabu mzazi kuamini kwamba ni malaria sugu, na wiki zikapita.

Yafaa mzazi arudi kituoni upesi, tena adai mwanawe apimwe damu kwa ukamilifu, aonapo mambo haya: homa isiyokoma baada ya dawa, ufizi au pua kutoka damu mara kwa mara, madoa mekundu au ya zambarau katika ngozi, tezi zilizovimba bila maumivu, mifupa kuuma hata mtoto asitake kutembea, jasho jingi usiku na kukonda, au taya na tumbo kuvimba kwa haraka. Hilo la mwisho halingoji kabisa. Limfoma ya Burkitt yaweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili tu. Lakini kwa kuwa inakua kasi, dawa nazo huipiga kwa nguvu, na watoto wengi walioanza mapema wakamaliza dawa zao wamepona.

NJIA NDEFU YA TIBA

Tiba hutolewa kwa mizunguko. Mgonjwa hupewa dawa kwa siku kadhaa, hupumzika, kisha hurudi. Moja ya dawa hizo, vinkristini, asili yake ni ua la Madagaska linalopandwa mabarazani pengi hapa Afrika Mashariki. Lakini mtu asithubutu kuchemsha majani yake nyumbani: kipimo chake hospitalini ni kidogo mno, na kikizidi ni sumu.

Watu wazima wenye lukemia ya pole pole ya aina ya mieloidi wana tumaini kubwa zaidi kuliko zamani. Tangu mwaka 2001 kimekuwapo kidonge cha imatinibu, ambacho kimewawezesha wengi kuishi na kufanya kazi kwa miaka mingi. Sharti lake ni moja: kimezwe kila siku, hata siku mtu ajisikiapo mzima kama simba.

Adui mkubwa wa tiba ni kuikatisha njiani. Uvimbe hunywea baada ya mzunguko wa kwanza, mtoto akaanza kucheza, nauli ikaadimika, na shamba likangoja palizi. Familia hurudi Nakivale ikidhani vita vimekwisha, kumbe adui amejificha tu. Ugonjwa unaorudi huwa mgumu zaidi kutibika. Kwa hiyo, siku ile ile ya kwanza, mzazi amwulize daktari: mizunguko ni mingapi, tarehe zake ni zipi, na je, atapelekwa Mulago, yapata kilomita 270 kutoka Mbarara? Karatasi za rufaa, kitambulisho cha ukimbizi na majibu ya vipimo viwekwe pamoja katika mfuko usiopenya maji.

MGONJWA AKIWA NYUMBANI

Dawa za kansa hupunguza pia chembe njema, hivyo mgonjwa hubaki kama kambi isiyo na walinzi. Joto likifika digrii 38, asingojwe mpaka asubuhi wala asipewe dawa ya kupoza akalazwa. Apelekwe kituoni usiku huo huo, na mhudumu aambiwe kwamba anatibiwa kansa.

Maji yake yachemshwe, na hali kadhalika maziwa. Matoke, maharage, samaki wa ziwani na mchuzi wa karanga ni chakula chema, ilimradi kimeiva vizuri na kuliwa kingali moto. Alale ndani ya chandarua. Asipewe aspirini, wala asichanjwe chale, maana damu yaweza kukataa kuganda. Atumie mswaki laini. Mwenye mafua amsalimu kwa mbali. Anayesafisha matapishi au mkojo wake siku zifuatazo dawa avae glavu na kunawa vizuri.

Mgonjwa haulizwi uji, walisema wahenga. Basi apewe kidogo kidogo, mara nyingi, bila kugombezwa.

ANAYEUGUZA NAYE NI MTU

Mwuguzi wa nyumbani aghalabu husahauliwa. Halali, hali, na machozi yake huyaficha. Yafaa jamaa na majirani wagawane kazi: huyu apeleke watoto shule, yule achukue mgao, mwingine alale hospitalini usiku mmoja kwa wiki. Baba asiseme kwamba kuuguza ni kazi ya wanawake.

Upo pia msaada ambao askari na polisi wanaweza kuutoa kuliko wengi, nao ni damu. Mgonjwa wa kansa ya damu huhitaji kuongezwa damu mara kwa mara, na zile chembe za kugandisha hazihifadhiki ila siku 5 hivi. Mbarara ina benki ya damu ya eneo zima, na damu hiyo hutoka kwa watu wanaojitolea bila malipo. Mwanamume mwenye afya njema aweza kutoa kila baada ya miezi 3, na mwanamke kila baada ya miezi 4. Kikosi kinachotoka kambini Makenke asubuhi na kunyoosha mikono kwa zamu kitakuwa kimerejea kazini kabla ya jua la mchana. Na huko wodini, mama aliyelala juu ya mkeka ataona chupa inatundikwa juu ya kitanda cha mwanawe, asijue imetoka kwa nani.