Wahisani Wapya na Mikataba Yao: Katibu Asome Nini Kabla ya Kutia Sahihi



Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kukagua chama kimoja cha wakulima wa mpunga, nikaambiwa Katibu yuko safarini Dar es Salaam. Aliporudi alinieleza kwamba alizunguka siku tatu katika maduka ya vipuri ya Kariakoo na Gerezani akitafuta beringi ya mashine ya kukoboa, asiipate. Mashine hiyo ilitoka kwa mhisani mgeni. Ilipokelewa kwa ngoma na vigelegele, na muhtasari wa mkutano uliiita "msaada". Nilipofungua jalada nikaona kuwa ulikuwa mkopo, na kwamba vipuri vyote vilipaswa kuagizwa kwa kiwanda kilichoitengeneza. Mashine ililala misimu miwili. Marejesho ya mkopo hayakulala.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu wahisani wa nchi yetu wanabadilika, na vyama vyetu vitazidi kukutana na wageni wenye mikataba ya namna mbalimbali.

Ugeni si jambo jipya

Kila mhisani tuliyemzoea aliwahi kuwa mgeni. Sweden, Denmark, Norway na Finland, ambazo kuanzia mwaka 1968 zilishirikiana kuleta wataalamu wa ushirika nchini, zilikuwa wahisani wapya wakati huo, kwani kabla ya hapo tulimjua Mwingereza. Mwaka 1965 Uingereza ilizuia mkopo wa pauni milioni 7.5 baada ya Tanzania kuvunja uhusiano nayo kwa ajili ya suala la Rhodesia. Hapo ndipo wananchi walipojifunza kwamba anayetegemea mlango mmoja hubaki nje ukifungwa.

Somo hilo limerudi katika siku zetu. Tarehe 1 Julai 2025 shirika la misaada la Marekani, USAID, lilikoma kutoa misaada. Kwa upande mwingine, Korea Kusini, ambayo baada ya vita vya 1950 hadi 1953 iliishi kwa misaada, mwaka 2010 iliingia katika kamati ya nchi wahisani ya OECD. Mkazi wa katikati ya Dar es Salaam anaiona kazi yake katika Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022. Sehemu kubwa ya fedha zake ilikuwa mkopo wa masharti nafuu wa Korea, na mkandarasi alikuwa kampuni ya Kikorea.

Reli moja, mikataba miwili

Mfano ulio bora kuliko yote ni reli ya TAZARA. Mkataba wa kwanza na China ulitiwa sahihi mwaka 1967, ujenzi ukaanza Oktoba 1970, na mwaka 1976 reli hiyo ya kilomita 1,860 ilikabidhiwa kwa Tanzania na Zambia. Fedha zilikuwa mkopo usio na riba, wa kulipwa kwa miaka 30. Gharama za ndani, kama vile ujira wa vibarua, zililipwa kwa kununua bidhaa za Kichina kwa mkopo na kuziuza madukani. Hivyo mwananchi aliyenunua bidhaa hizo alichangia reli pasipo kujua.

Septemba 2025 ulitiwa sahihi mkataba mwingine juu ya reli hiyo hiyo. Safari hii kampuni ya Kichina itawekeza dola za Marekani bilioni 1.4, ikarabati kwa miaka mitatu, kisha iendeshe hadi miaka 30 itimie, na fedha zake zirudi kutokana na mapato ya uendeshaji. Nchi ni ile ile, reli ni ile ile, lakini yule aliyekuwa mkopeshaji asiyetoza riba sasa ni mfanyabiashara.

Wala mageuzi hayo si ya China peke yake. Mwaka 2020 Serikali ilipokopa dola bilioni 1.46 kwa ajili ya reli ya kisasa inayoanzia Dar es Salaam, mkopo huo ulipitia benki ya biashara, na sehemu kubwa yake ilidhaminiwa na taasisi za Sweden na Denmark zinazodhamini mauzo ya nje ya nchi hizo. Basi jina la nchi halitoshi tena kutueleza tunapewa nini.

Maswali manne ya Katibu

Kwa hiyo, mhisani awe wa zamani au mpya, Katibu aulize:

(a) Je, hii ni ruzuku, mkopo au ubia? Ruzuku hairudishwi; mkopo hurudishwa; katika ubia mwenzako huchukua sehemu ya mapato.

(b) Kama ni mkopo, riba ni kiasi gani, malipo yanaanza lini, na yanalipwa kwa fedha za nchi gani? Shilingi ikishuka, deni la dola hupanda ingawa hatukukopa zaidi.

(c) Je, tunalazimika kununua mashine, vipuri au utaalamu kwa mtoaji?

(d) Siku mhisani atakapoondoka, nani ataendesha, na kwa fedha zipi?

Majibu yaandikwe kwa Kiswahili na kusomwa mbele ya Mkutano Mkuu kabla ya sahihi. Aidha, tukumbuke kwamba chama hakiruhusiwi kukopa kupita ukomo wa madeni uliopitishwa na wanachama na kuidhinishwa na Mrajis. Kanuni hiyo haibagui mkopeshaji wa ndani na wa nje.

Siwashauri wanachama kuwakataa wahisani. Yule Katibu wa mpunga hakuwa mvivu wala mwizi. Alikosa tu kusoma ukurasa wa nne wa mkataba, na hakuna mwanakamati aliyemwomba ausome kwa sauti. Katika mkutano ujao, mwanachama yeyote anayo haki ya kuomba hivyo, na Katibu anao wajibu wa kumsomea.