Mgeni wa Mirihi na Jina Lake

Ndugu na jamaa, msinicheke. Mimi niliyefundisha miaka mingi na kuwanyang'anya wanafunzi vitabu vya katuni darasani, mwaka huu nimekisoma kimoja mpaka mwisho, kisha nikakirudia.

Mjukuu wangu alikuja kulala kwetu Jumamosi. Baada ya Magharibi nikamwambia alete juzuu yake tusome. Akaileta, na chini yake kitabu cha katuni. Nikavaa miwani nijue ni upuuzi gani nitakaomkanya.

Humo yumo mtu wa sayari ya Mirihi, jina lake J'onn J'onzz. Kisa chake kilitoka mara ya kwanza Marekani mwaka 1955, katika toleo namba 225 la Detective Comics. Mtungaji alikuwa Joseph Samachson na mchoraji Joe Certa. Mtaalamu mmoja, Profesa Erdel, anaunda mtambo, na mtambo ule unamvuta mtu huyu kutoka kwao mpaka duniani, bila ya kukusudia. Kabla hajamrudisha, mzee anafariki. Basi, njia ya kurudi imefungwa. Mgeni ana nguvu za ajabu, ila moto humlegeza. Anajigeuza sura awe kama wenyeji, anaingia kazi ya upelelezi polisi, na anajiita John Jones.

Hapo nikasita. Yatamkeni majina hayo mawili kwa sauti. Ni jina lile lile! Sura ameibadilisha, nguo amezibadilisha, lakini jina hakulitupa.

"Babu," mjukuu akasema, "mimi shuleni nimewaambia waniite nusu tu. Mwalimu jina zima halimwelei."

Nilitaka kumkemea, ulimi ukawa mzito. Jina lile ni la marehemu baba yangu. Lakini mimi mwenyewe, tangu nilipofika Uingereza mwaka 1985, walimu wenzangu waliniita kwa jina walilolikata wao, nami nikaitika mpaka siku ya kustaafu.

"Na wewe babu, ulikwama?"

Nikamwambia kweli. Nilikuja kwa miaka mitatu tu. Hakuna mtambo ulioharibika. Walizaliwa watoto, wakaingia shule, na miaka ikapita.

Usiku ule tuliandika jina lake, la baba yake, langu na la baba yangu, kwa herufi za Kiarabu na za Kizungu, tukayasoma pamoja mpaka akayahifadhi. Jumatatu akamfundisha mwalimu wake. Ati mwalimu alikosea mara mbili, ya tatu akapata.

Wazazi wenzangu, mwakani tunapopeleka majina ya watoto kwa ajili ya kitabu chetu hiki, tuyaandike kamili, tena kwanza tuwasomee wenyewe.

Katuni nimemrudishia mwenyewe. Kaniahidi kuniletea nyingine.