Kabla hujaacha chuo ukimbilie NBA

Jioni moja uwanjani, dogo mmoja aliyemaliza kidato cha sita, anayekuja kufanya mazoezi na timu yetu, alinionyesha ujumbe wa kocha wa chuo cha Marekani. Akaniuliza: "Kaka, nikifika kule si napiga mwaka mmoja tu, halafu NBA?" Nikamjibu ndiyo, tena kwa kujiamini. Usiku nilipokaa kusoma kanuni ndo nikagundua nimempa jibu la kijiweni.

Kwanza, kanuni yenyewe haidai usome chuo. Tangu drafti ya 2006 (siyo ile ya vizibo vya soda, hii ni siku timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu), unatakiwa utimize miaka 19 ndani ya mwaka huo. Kama umesoma Marekani, lazima pia upite angalau msimu mmoja tangu darasa lako limalize sekondari. Chuo ni mahali pa kusubiria tu. Zamani ilibidi ipite miaka minne, mpaka Spencer Haywood alipofika Mahakama ya Juu ya Marekani na kushinda mwaka 1971. Wenzao wa NFL hawakubahatika: Maurice Clarett alijaribu 2004, akaangushwa kwenye rufaa, na sharti la miaka mitatu bado lipo.

Pagumu ni kwenye tarehe. Kujiandikisha kwa drafti siyo kuacha chuo. Unaweza kwenda kujipima, ukaona mambo magumu, ukarudi darasani. Ila NBA na NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kila mmoja ana kalenda yake. NCAA inataka uwe umejitoa ndani ya siku kumi baada ya kambi ya majaribio ya mwezi Mei. NBA inakuruhusu kujitoa hadi siku kumi kabla ya drafti yenyewe. Ukijitoa katikati ya tarehe hizo mbili, NBA watafuta jina lako bila shida, lakini sifa ya kuchezea chuo unaweza kuwa umeshaipoteza. Yaani huko hauko, na huku hauko. Suala la wakala limelegezwa: zamani ukisaini naye umeondoka, lakini tangu 2018 mchezaji wa kikapu anaruhusiwa kuwa na wakala aliyeidhinishwa wakati wa kujipima, mradi avunje makubaliano akirudi chuoni.

Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam aliingia Chuo Kikuu cha Connecticut 2006. Kwa kanuni angeweza kuondoka 2007. Alicheza misimu mitatu, akaondoka kabla ya mwaka wa nne, na 2009 Memphis wakamchagua wa pili, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Kijiweni hadithi huishia hapo. Msimu huohuo wa kwanza, Memphis walimshusha kwa muda kwenye ligi ya chini. Kilichomlinda ni kwamba mkataba wa raundi ya kwanza una miaka miwili ya malipo ya uhakika. Raundi ya pili haina ahadi hiyo, na usipochaguliwa kabisa ndo kabisa.

Siku hizi Wamarekani wengi wanaona bora wabaki. Tangu 2021 wanaruhusiwa kuingiza hela kwa jina na sura zao, na tangu 2025 vyuo vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Lakini viza ya mwanafunzi inabana kazi za nje ya chuo, kwa hiyo tangazo analopigia hela mwenzako wa timu, wewe huenda ukalitazama tu. Mgeni ndiye mwenye sababu kubwa ya kutoka mapema, na ndiye mwenye pa kuangukia padogo: akiacha masomo, viza nayo inakosa msingi.

Dogo alinyamaza kidogo, akatoa simu. Tukaandika pamoja swali la kumrudishia yule kocha: huo ufadhili ni wa mwaka mmoja unaohuishwa, au ni wa miaka yote minne?