Vazi la Tamari

Mchungaji hujiwa ofisini na binti aliyetendewa jeuri. Aghalabu swali la kwanza analoulizwa binti huyo, ama na wazee wa Kanisa ama na sisi wenyewe, ni hili: ulikuwa umevaa nini? Twakiri kwamba katika miaka yetu ya kwanza ya utumishi nasi tuliuliza hivyo, tukidhani tunatafuta ukweli.

Katika 2 Samweli 13:18 mwandishi anakatiza habari ya Tamari ili atueleze vazi lake. Lilikuwa vazi la heshima, walilovaa binti za mfalme waliokuwa mabikira. Kwa Kiebrania laitwa ketonet pasim, na nje ya habari hii jina hilo latumika kwa kanzu ya Yusufu peke yake (Mwa. 37). Kama maana yake ni mikono mirefu au rangi nyingi, wataalamu wangali wakibishana. Kwetu si neno. Amnoni alikuwa ndugu yake kwa baba, nyumba ilikuwa ya jamaa, naye alitumwa na mfalme kumpikia mgonjwa. Hakuna nguo ambayo ingalimwokoa.

Wanaopenda kunukuu 1 Timotheo 2:9 na wausome mstari wote. Mtume ataja kusuka nywele, dhahabu, lulu na nguo za thamani, yaani fahari ya wenye mali. Juu ya usalama wa mwanamke njiani hasemi neno. Na kuhusu jicho linalotamani, Bwana wetu katika Mathayo 5:28-29 anasema na mwenye jicho.

Hatusemi kwamba adabu ya mavazi ni jambo la bure. Kila jamii ina kipimo chake. Lakini kipimo hicho kikikabidhiwa kundi la watu barabarani huwa silaha. Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, ianze tarehe 1 Januari 1969, haikungojwa tarehe hiyo: Oktoba 1968 wanawake walishambuliwa Kariakoo. Huko Nairobi, Novemba 2014, mwanamke alivuliwa nguo hadharani penye kituo cha matatu. Waliochukizwa na nguo fupi walimwacha hana nguo kabisa! Wanawake wakaandamana, na Desemba mwaka huo sheria ya Kenya ikaweka kifungo kisichopungua miaka 10 kwa kosa hilo. Luther, akifafanua amri ya tano katika Katekisimo Kubwa, amhesabu kuwa mwuaji hata yule awezaye kumvika aliye uchi asimvike, amwiteje amvuaye?

Basi binti ajapo, tuulize kwanza ni lini, na kama ameumia. Dawa ya kuzuia VVU yapasa ianzwe kabla ya saa 72 kupita, hivyo mchungaji asimweke akisubiri kikao cha wazee. Juu ya nguo lafaa swali moja tu: je, zimetunzwa bila kufuliwa? Zifungwe katika karatasi, si katika nailoni, zipelekwe pamoja naye, kwa kuwa zaweza kuwa ushahidi.